Mabomba Mawili, Fimbo Moja

Sisi tuliokulia Bellevue, watoto wa watu wa pwani waliohamia mji usio na pwani, kuvua samaki tulijifunzia uani. Wa rika langu mnajua sisemi uongo. Bahari iko Durban, mwendo wa kutwa kwa gari bovu, na Baba, aliyekuwa mlinzi wa ghorofa moja kule Hillbrow, alipata likizo mara moja tu kwa mwaka. Kwa hiyo mazoezi tulifanyia kwenye rundo la mchanga wa ujenzi. Mwenye nyumba aliumwaga akiahidi kujenga chumba cha nane, na mpaka tunahama hakikupata hata tofali. Familia saba tulikuwa tukitumia choo kimoja. Nilizihesabu mara mbili, maana asubuhi foleni ilionekana ya familia kumi.

Jumamosi ua ulinukia maandazi ya Mama upande mmoja na sombe, yaani kisamvu, ya jirani yetu Mama Gloire upande mwingine, na sisi watoto tulizunguka kote kama wakaguzi wa afya. Shuleni tulisema Kizulu na Kiingereza, lakini Mama alisimama mlangoni: “Kizulu kiache nje, ukae nacho huko huko na viatu vyako.” Tulikiacha. Siku hizi ukimwambia mtoto hivyo anakuuliza kwa Kiingereza umesema nini.

Baba alikuwa na fimbo ya kuvulia aliyopewa na baba yake siku anaondoka Tanga. Ilikuwa ya vipande vitatu vya kuchomekana, na kigurudumu cha kukunjia mshipi kilicholia kama panya. Babu alifariki mwaka ule nilipofika darasa la tano. Baba hakwenda kuzika, maana karatasi zake zilikuwa bado ofisini, na aliyetoka nchini bila karatasi hakuwa na uhakika wa kurudi. Fimbo ile ndiyo ilikuwa kaburi la Babu. Aliipangusa kila Ijumaa.

Ufukweni fimbo huwezi kuishika mchana kutwa. Unasimika kishikio mchangani, unaitia humo, unangoja. Chetu cha zamani kilikuwa kimepasuka, basi Baba akanituma mimi Jules Street, kwa muuza mabomba chakavu, kwa sababu alisema uso wangu unapunguza bei. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Maelekezo alinipa kwenye vidole: “Zaina, bomba la plastiki gumu, likufike kifuani. Kitako cha fimbo kiingie bila kulazimishwa, lakini kisicheze. Chini likatwe mshazari, lizame. Na lipitishiwe skrubu katikati, fimbo isidumbukie mpaka mchangani.”

Nilimchosha yule muuzaji. Nilikataa bomba la kwanza, nikadharau la pili, nikaanza kuondoka mara mbili. Aliposhusha bei mpaka basi, nikaona bado hanijui, nikamwambia alikate bomba katikati, kila kipande akichonge ncha na kukitia skrubu. Akakata. Nikahesabu: moja, mbili. Nikarudia: moja, mbili. Nimetumwa kishikio kimoja, narudi na viwili, kwa bei ya kimoja. Nilitembea kutoka Malvern, iliko Jules Street, mpaka Bellevue kama bibi harusi.

Papa Gloire, jirani yetu fundi cherehani kutoka Bukavu, alikuwa wa kwanza kuniona. Akamwita Baba: “Baba Zaina, munaenda kuvua samaki ao munaenda kutengeneza robine ya maji? Kwetu muvuvi anashikaka na mukono.” Kisha akanitazama, akavinyooshea kidole vile vipande vya bomba: “Tiyo mbili, fimbo moja. Weye utakuwa mutajiri.”

Baba alipima kipande kimoja kwa shubiri. Mbili na kidogo. Akapima tena. Akanitazama usoni, nami nilikuwa nimejaa kama puto. “Fupi kidogo,” akasema, “lakini tujaribu.” Tukasimika kwenye lile rundo. Mvua ilikuwa imenyesha na mchanga wa ujenzi ulikuwa umeshikana kama saruji. Bomba likasimama hata nilipolining’inia. Baba akacheka, akasema sharp, yaani poa, na ikawa ndiyo hivyo.

Durban tulipelekwa na Papa Gloire. Baba alishindilia bomba kwa kisigino, akarusha ndoano, akaitia humo fimbo ya Babu, akaniambia nisiiondolee macho. Akaenda kwa Mama kunywa chai. Mimi nikaanza kuhesabu vishikio vya wenzetu pale ufukweni. Kumi na vinne. Vyote virefu, vinanifika kifuani. Nikarudia kuhesabu, kumi na vinne, na hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Nikasikia kile kigurudumu kikilia, samaki akivuta mshipi.

Mchanga wa bahari haukushikana. Bomba lilichomoka kama jino la maziwa, fimbo ikateleza juu ya mchanga ikaingia majini. Baba alinipita na suruali yake ya kazi, maji yakamfika kiunoni, kifuani. Mama aliita jina lake la utotoni, ambalo hatukuwahi kulisikia. Baba akasimama. Wimbi moja likampita kichwani. Kisha akageuka, mikono mitupu.

Nilingoja kugombezwa. Aliketi, akakamua suruali, akageukia maji. “Bahari ni hii hii,” akasema. “Fimbo itafika Tanga kabla yangu.” Akamega mkate, akanipa pande kubwa. Hakulitaja tena jambo lile, si siku ile, wala mpaka anaingia kaburini. Na bomba alijua lilikuwa fupi. Alijua tangu uani.

Sasa nina duka hapo hapo Jules Street na Durban naenda na wanangu wawili. Wana vishikio vya alumini vyenye kengele na taa ndogo, ili samaki akila chambo wao wasihangaike kuinua macho kwenye simu. Ukiwaambia washindilie mchanga wanajibu “sharp, Ma” na hakuna anayenyanyuka.

Mwaka jana mkubwa aliangusha simu yangu majini. Simu ya kawaida, madukani zimejaa tele. Nilianza kumsema ufukweni, nikapumzika Harrismith, katikati ya safari, kununua chai, nikaendelea mpaka mjini. Wazazi wetu walikuwa na vitu vichache mno vya kupoteza, na sijui walijifunzia wapi kunyamaza. Sisi tuna kila kitu, na kila kitu tunakipigia kelele.

Tulisimama kwenye robot, ndizo taa za barabarani, nyekundu ikiwaka. Mtoto akauliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, “Ma, Babu alikuwa anakugomba hivi?”

Taa ikawa kijani, magari ya nyuma yakapiga honi, na mimi bado natafuta namna ya kumwambia hapana.