Niliset email zijitume zenyewe, ya pili ikajibu salamu kabla sijajibiwa

Wakuu, hamjambo. Mnaonizidi umri shikamooni, ingawa humu sidhani kama mpo. Haya yamenikuta mwenyewe hapa Olmotonyi, na niliyemkosea anajua kwamba naandika.

Mimi ni mkulima wa kahawa na migomba. Shule niliishia darasa la nne, nikapewa ng'ombe nichunge. Wale ng'ombe nao wana habari yao, tuiache.

Nina blogu. Aliyeifungua ni binti yangu Neema, mwalimu kule Engutoto, alipochoka kunisikiliza kwenye simu. Naongea, simu inaandika, yeye anasahihisha. Watu wakaanza kujiandikisha wapate barua kwa email. Walifika arobaini na moja. Wengine ni ndugu.

Neema akanionyesha kitu. Unaandika barua mara moja, unazipangia siku, mtu akijiandikisha tu zinaanza kumwendea zenyewe. Ya kwanza palepale, ya pili baada ya siku tatu, ya tatu baada ya siku tano. Wewe uko shambani, barua zinatembea.

Akasema ya kwanza imkaribishe mtu, ya pili itoe ushauri. Nikakataa. Mtu hujamjulia hali, unamweleza habari za samadi?

Huku kwetu salamu ni kazi. Unauliza mke, watoto, ng'ombe, mvua, ndipo mnafika kwenye shida iliyokuleta.

Basi ya kwanza ikawa salamu tupu. Ya pili nikaandika: "Nashukuru kusikia nyumbani wote ni wazima, na mama hajambo."

Neema akaniuliza nimejuaje. Nikamwambia mwanangu, kila mtu hujibu salama. Hata ambaye nyumba yake inaungua atasema salama kwanza, halafu ndio aombe maji.

Ya tatu ndiyo ikaingia shambani: "Mgomba uliokwisha kuzaa umemaliza kazi yake. Ukate, usiuonee huruma."

Sasa kuna mzee anaitwa Loishiye. Tulipakana mashamba, tukagombana kwa zamu ya maji ya mfereji. Sitaki kuingia ndani sana, ila zamu ilikuwa yangu. Akahamia Olasiti kwa mwanawe Lazaro, na tangu hapo miaka kumi na moja hatukusalimiana. Tukikutana harusini, kila mtu anatazama spika.

Jumatatu moja nikaona jina lake kwa waliojiandikisha. Nilikaa chini. Nikajua huyu anatafuta amani. Na email ya salamu ilikuwa imeshamfikia, maana yake nimemsalimia mimi kwanza, tena bila kuona aibu. Wiki nzima nilipalilia huku naisifu teknolojia.

Jumapili baada ya ibada Neema akaniuliza kama huwa nasoma majibu. Majibu gani? Mimi nilidhani mashine inayotuma ndiyo inayosoma.

Akafungua. Lilikuwepo moja, la Loishiye, la Jumatano:

"Salama. Mama Lazaro ametutoka jana hospitalini. Tunazika Ijumaa. Ukiweza, njoo."

Wakuu, hesabuni wenyewe. Jumatano mtu ameniita kwenye msiba wa mkewe. Alhamisi email yangu imeshukuru kusikia mama hajambo. Ijumaa amezika, mimi sipo. Jumamosi nimempelekea habari ya mgomba.

Nilienda Olasiti siku ileile, na sukari mkononi na maneno niliyoyapanga njiani. Nikamkuta amekaa na wafiwa wenzake. Nikatoa pole, nikaanza kueleza mambo ya mashine.

Akanisikiliza. Kisha akauliza, "Ile ya mama hajambo, ni mashine?"

"Ni mashine."

"Na ile ya mgomba?"

Nilitaka kusingizia. Nikashindwa. "Mashine inatuma tu. Zote niliandika mimi."

"Nilijua ni wewe," akasema. "Hata kule mferejini ulikuwa unamjibu mtu hajamaliza kusema."

Shemeji yake mmoja akacheka, akajifanya anakohoa.

Ndipo Loishiye akanieleza kwamba ni marehemu aliyekuwa anaipenda ile blogu. Alikuwa anasomewa pale kitandani, na siku za mwisho mwisho akamwambia mumewe ajiandikishe, amalize ugomvi na mimi.

"Sasa nisalimie," akaniambia.

Nikamuuliza habari za nyumbani. Nikanyamaza.

Wakuu, nilingoja mpaka chai ikapoa. Na alipojibu, hakusema salama. Alianza na siku mkewe alipoanza kuugua, akaenda nayo mpaka Ijumaa, mimi sijatia neno. Sikuwahi kukaa kimya hivyo, hata kanisani.

Nilichojifunza: salamu unaweza kuipangia ratiba, jibu la mwenzako huwezi. Siku hizi ya kwanza inajituma yenyewe. Ya pili haitoki mpaka nisome mtu amesema nini, naiandika upya na kuituma kwa mkono. Neema anasema hiyo sasa siyo automatic. Ni kweli.

Loishiye bado yuko kwenye orodha. Na kuhusu zamu ya maji, kadiri ninavyomsikiliza naanza kukumbuka kwamba huenda ilikuwa yake.

Nyie wenye blogu humu, barua ya pili mnaiandikaje? Na habari za nyumbani kwenu? Mwenye salama aseme, asiye nayo pia aseme. Simu ninayo mkononi, nasoma mwenyewe.