Sikio la Kituo

Kwenye kituo cha kupima masikio walimwita Sikio, na jina hilo alilipenda kuliko lile la kwenye kitambulisho. Kila asubuhi, kabla mgonjwa hajaingia katika kile chumba kilichobandikwa sponji mpaka darini, yeye ndiye aliyechomeka kijibomba laini sikioni mwake mwenyewe kuijaribu mashine. Mashine hupeleka sauti ndani, sikio lenye afya huijibu kwa mlio mdogo ambao hata mwenyewe hausikii, na jibu hilo huchorwa kwenye skrini. Mchoro wa Sikio ukikaa sawa, kazi inaanza. Usipokaa sawa, mashine mbovu. Ndivyo ilivyokuwa miaka nenda miaka rudi.

Mwaka huo daktari alikuwa akilinganisha masikio ya vichanga na ya watu wazima kwa sauti nyembamba, zile kali za juu kabisa. Vichanga walikuwa wa Sikio tangu zamani. Sasa wakakabidhiwa kwa binti aliyetoka juzi tu kwenye meza ya mapokezi, na Sikio akaachiwa watu wazima, wanaokohoa na kuuliza kama wanaweza kupokea simu.

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Akina mama wakawa wanafika mlangoni wakiuliza, "Yule dada yupo?" Maana kipimo hakitaki mtoto anayelia, na binti alikuwa na mikono: alimpokea mtoto, akamsugua mgongo, akavumavuma kidogo, mtoto akalala. Sikio naye aliwahi kuwalaza, ila yeye alitumia "shhh", na wengine waliamka kwa hiyo hiyo shhh. Alipomtazama binti kupitia kidirisha cha kioo, roho ilimuuma hasa. Alikuwa na kijicho, alijua anacho, wala hakukionea haya.

Basi asubuhi moja mchoro wake ulipofika upande wa sauti nyembamba ukalala chini kabisa. Akasafisha kijibomba, akarudia. Chini vilevile. Mwingine angesikitika, Sikio alifurahi. Jana aliyefunga mashine nani? Binti.

Akamwahi daktari kwenye korido. "Daktari, mimi si mmbea, unanijua. Lakini kifaa kimeangushwa. Yule mtoto mapokezi panamtosha. Vichanga nirudishie mwenyewe."

Daktari hakubisha. Kama kifaa kimeharibika, vipimo vya karibuni vyote vilikuwa kazi bure, na binti hakuwa na pa kusimama. Akaitwa. Akaapa hajaangusha kitu, machozi yakimlengalenga. Sikio akatazama ukuta.

"Tujaribu kwa mwingine," daktari akasema. Chumbani kulikuwa na mama mmoja, mwanawe wa miezi minne amelala mapajani. Kijibomba kikaingia kwenye kisikio kile, na mchoro ukapanda, ukasimama juu mpaka mwisho wa sauti nyembamba. Likaja sikio la binti. Nalo likajibu.

Nyani haoni kundule. Sikio akatamani mmoja wao acheke ili apate wa kugombana naye.

"Labda ni nta tu, mama," binti akamwambia Sikio. "Hebu nikuangalie."

Upole ule ulimchoma kuliko tusi. Binti akamulika kwa tochi, huku na huku. Nta haikuwepo. Lilikuwa sikio safi kabisa, la mtu aliyepita hamsini.

"Nipigieni sauti yenyewe kwenye spika," Sikio akasema. "Mashine isinisemee." Akaketi kwenye kiti cha watu wazima, akitazamana na yule mama na mwanawe, kidole juu, tayari kukitikisa akiisikia. Binti akaenda kwenye vitufe. Sikio akangoja, kidole kikaanza kuchoka. Alikuwa karibu kuwauliza wanasubiri nini, mtoto akashtuka, akafumbua macho, akawa anatafuta huku na huku kitu kilichomwamsha.

Sikio akamtazama kiumbe yule asiye na jino hata moja, akamwonea wivu.

"Umeisikia, mama?" binti akamuuliza Sikio.

Kidole kikashuka.

"Muulize huyo," akasema. "Kisha umlaze tena. Una wenzake wanangoja nje."