Maji ya Moto Bwenini

Nilijibanza nyuma ya ukumbi wa chuo kimoja cha biashara hapa Njombe, nikisikiliza wagombea urais wa serikali ya wanafunzi. Mmoja, mwenye suti nyeusi na kofia ya sufu, aliahidi maji ya moto bwenini.

Binti aliyejifunika blanketi akanyoosha mkono. "Mheshimiwa, kwa baridi hii, wewe mwenyewe umeoga lini?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Jamaa akakaza tai, akasubiri kelele zitulie.

"Ndugu zangu, Jumapili iliyopita. Ndiyo maana nagombea!"

Walimbeba juujuu, na kura akazizoa.

Juzi nimepita tena chuoni. Binti bado yumo ndani ya blanketi, na bomba la bwenini bado linatoa maji ya barafu. Rais wao nilipishana naye mlangoni. Ananukia sabuni.