Taa Haikuzimika

Mwalimu Eugenia, jirani yangu hapa Kibaha, amestaafu kazi lakini hajastaafu kusahihisha watu. Mwaka jana nilimwambia sahani yake niliyoazima imevunjika. Akaniangalia juu ya miwani, akauliza, "Imevunjika au imevunjwa?" Alifundisha Kiswahili shule ya msingi Kisarawe kwa miaka ishirini na tisa, na vitenzi vya namna ile anaviita vitenzi vya watuhumiwa. Mtoto aliyepiga dirisha kwa mpira, anasema, hatakuambia limevunjwa, maana likivunjwa lazima awepo aliyelivunja. Atakuambia limevunjika, kana kwamba dirisha lenyewe lilichoka. Nilinunua sahani nyingine.

Nayaeleza haya kwa sababu kisa chake kilianzia kwenye kitenzi, na mimi hasira bado hazijaniisha.

Jicho lake la kushoto lina presha ya macho. Upande ule anaona ukungu tu. Aliponunua gari hakuhangaika na rangi, alitafuta breki. Ni gari dogo la kutoka Japani, lina kamera juu ya kioo cha mbele na sensa nyuma ya nembo. Kitu kikikaribia mno hulia, na dereva akizubaa hushika breki lenyewe. Siri ya jicho lile tuliijua watu watatu: daktari, mimi, na Ashrafu, fundi umeme wa magari mwenye gereji njia ya kwenda Zegereni.

Ashrafu kwake hakuwa fundi tu. Alifika darasa la tano hajui kusoma, mwalimu akawa anamkalisha nyumbani kila alasiri mpaka akajua. Mama yake, Mwanaamina, mkulima wa mihogo na mananasi kule Vihingo, ndiye aliyempa mwalimu chumba alipopangiwa kazi Kisarawe, msichana wa kutoka Kagera asiyemjua mtu. Sasa Mwanaamina ana kisukari na kidonda mguuni kisichotaka kupona. Kila baada ya wiki mbili, Alhamisi, mwalimu humfuata Vihingo na kumleta kliniki Kibaha. Hiyo ndiyo kazi ya lile gari. Bila hilo, mama wa watu apande bodaboda na mguu wake ule.

Mwezi wa sita, lori lililokuwa likirudi nyuma kule Zegereni lilivunja taa kubwa ya kulia ya gari la mwalimu. Ashrafu akatafuta nyingine, akapata ya gari la jina lilelile ila la toleo jingine. Matundu ya skrubu yakakubali, waya zikakubali, mwanga ukatoka. Gari lenyewe ndilo lililokataa. Taa ile na kamera havikuelewana, na kwenye dashibodi ikawaka taa ndogo ya njano, maana yake kule kushika breki lenyewe kumejifunga.

"Niachie mpaka kesho, mwalimu," Ashrafu akamwambia. "Keshokutwa Alhamisi mama ana kliniki, najua. Siwezi kukuangusha."

Kesho yake jioni akamkabidhi ufunguo. "Shikamoo, mwalimu. Ile ya njano imezimika."

Mwalimu aliitikia marahaba, akachungulia, akaona kweli hakuna njano, akamwombea baraka mbele ya mafundi wote mpaka kijana akainamisha uso. Hakukisahihisha kitenzi. Hilo ndilo linalomuuma mpaka leo: sikio lake lilisikia likanyamaza, kwa sababu aliyesema ni mtoto wake.

Alhamisi, wakitoka Vihingo, hawajafika mbali na Soga, pikipiki yenye magunia mawili ya mkaa iliingia barabarani kutokea kushoto. Gari halikulia. Mwalimu alikuwa ameshazoea kusubiri lilie, na alipokanyaga breki kwa mguu wake mwenyewe walikuwa wameshalivaa gunia. Mwendesha pikipiki aliruka akaangukia majanini, mzima. Mkanda ulimshika Mwanaamina kifuani, lakini mguu wenye kidonda ukagonga chini ya dashibodi, bandeji ikalowa damu.

Walipokwisha kuomba radhi na kuokota mkaa, mwalimu alirudi kwenye usukani, lakini hakuondoka. Ukifungua swichi, taa zote za dashibodi huwaka kidogo kisha huzima. Yeye husema zinaitikia majina. Akaita majina. Mafuta, ipo. Mkanda, ipo. Njano, kimya. Akazima, akaita tena. Mwanafunzi aliyepona huonekana darasani, aliniambia. Huyu hakuja kabisa.

Alimfikisha mgonjwa kliniki polepole, kidonda kikafungwa upya. Kisha akaelekea gereji, Mwanaamina akiwa kiti cha mbele.

"Shikamoo, mwalimu. Shikamoo, mama. Mbona bampa..."

"Fungua dashibodi, Ashrafu."

"Mwalimu, ile taa si ilizimika?"

"Fungua."

Akachukua bisibisi. Mikono yake ndiyo iliyomuumbua, maana haikutafuta. Alitoa skrubu, akavuta kioo, kidole kikaenda moja kwa moja kwenye kipande cha tepu nyeusi, kidogo kama ukucha. Akakibandua. Chini yake njano ilikuwa inawaka, na ilikuwa inawaka njia yote ya Vihingo, kwenda na kurudi.

"Sikujua namna ya kuilinganisha na kamera," akasema. "Niliona aibu kwako, mwalimu."

"Darasani kwangu nilikuchapa lini kwa kusema hujui?"

Ashrafu akakikunja kile kipande cha tepu vidoleni.

"Taa haikuzimika, Ashrafu. Ilizimwa."

Mimi ningemporomoshea matusi mpaka gereji ya pili wasikie. Aibu gani hiyo, mtu umpakie mama yako mzazi kwenye gari ulilolipofua, na dereva jicho lake unalijua? Mwalimu hakuongeza neno. Aliweka ufunguo juu ya boneti, akamshika Mwanaamina mkono, wakaita bajaji. Gari nililifuata mimi kesho yake, nalo lipo uani kwangu chini ya turubai. Hataki kuliendesha tena, na siku hizi kutoka Vihingo kuja kliniki wanapanda bodaboda.

Ndani ya bajaji siku ile Mwanaamina alikuwa ameushika mguu wake. Ya kamera hakuyaelewa. Alichotaka kujua ni kimoja.

"Mwalimu, alipokupa hilo gari, alijua ni mimi unayekuja kunichukua?"

Mwalimu aliyasikia tena maneno yale: Alhamisi mama ana kliniki, najua.

"Hakujua, mama Ashrafu," akasema. "Alisahau siku."

Mwanaamina akashusha pumzi, akasema alhamdulillahi.

Mwalimu alinisimulia hayo jikoni kwangu, analia waziwazi. "Na mimi nikabandika tepu," akasema.