Dereva wa Mirihi

Dereva wetu huiendesha roboti iliyoko sayari ya Mirihi akiwa pekupeku, viatu vyake vya kamba vimepangwa chini ya meza. Akishatuma amri huikalia mikono yake, asije akabonyeza kitu kingine kwa pupa, maana jibu huchukua muda mrefu kurudi. Juzi magurudumu yalizama mchangani, na yasingetoka, safari ya roboti ingeishia pale pale. Alituma amri ya kurudi nyuma, akaikalia mikono. "Taratibu, mwanangu," akanong'ona.

"Mama, hakusikii huyo," fundi mitambo alimtania.

"Hata wa nyumbani hawanisikii, na bado nawaambia."

Hatimaye picha ikaingia: shimo yalimozama magurudumu lilikuwa mbele ya roboti, tupu. Sote tulishangilia. Yeye alitumbukiza miguu kwenye viatu vyake, akamnyooshea fundi mguu mmoja. "Nifunge kamba, baba. Mikono imekufa ganzi."