Kikombe cha Njano

Usiniambie ati nilikuwa mtoto tu. Nilijua. Leo nimenusa uji wa wimbi uliochacha, nikajikuta tena kwa jikoni yetu, moshi machoni.

Tulikuwa tumemzika ndugu yangu mdogo Jumamosi. Mum akasahau, akamwekea uji kwa kikombe chake cha njano, akaanza kuupuliza upoe.

Siku hizo kulikuwa na msemo wa utani, kila mtu alikuwa anasema "itabidi umezoea," hata mwalimu, hata katekista, na watu wanacheka. Na mimi nikasema:

"Mum, itabidi umezoea."

Akaacha kupuliza, akaniuliza:

"Hata wewe, mami?"

Nilitaka kuyameza hayo maneno, nikashindwa. Nikaamua kesho asubuhi nitaamka kabla yake, nimwekee mtoto uji mimi mwenyewe, niupulize mpaka upoe.