Bwana wa Herufi Kubwa

Mogesi alikuwa na siku nne tu. Ndani ya siku hizo alipaswa kujifunza kusoma mistari michache ya Biblia mbele ya kanisa zima, na kesho yake aoe.

Msishangae. Kisaka hapa hakuna wa kushangaa. Mama wa Kikurya asiye na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe akaoa msichana, msichana akazaa na mwanamume atakayechaguliwa na ukoo, na watoto wakaitwa wa nyumba ya yule mama. Ndiyo nyumba ntobhu. Mogesi alikuwa mjane mwenye mabinti watatu, na ng'ombe wa mahari ya Gati, binti yake mkubwa, walikuwa zizini wakisubiri kazi hiyo. Marehemu mumewe, Werema, aliagiza akiwa hoi kitandani: "Uoe. Nyumba yangu isizimike." Machage, mdogo wa marehemu, alikuwepo akasikia, na tangu matanga yaishe hakumwacha apumue. Msichana alishapatikana. Ni Rhobi binti Joram, wa miaka kumi na saba, mwimbaji wa kwaya ya kanisa hilohilo la Mogesi. Jumatatu asubuhi ng'ombe wangetoka.

Kwa nje Mogesi aliitikia kila kitu. Kwa ndani hakutaka. Alimwonea huruma yule mtoto, ndiyo, lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo hakulisema kwa mtu: kuoa kulikuwa ni kukiri mchana kweupe kwamba yeye, Mogesi, miaka yote ile hakutosha.

Na angekataaje? Alizaliwa Matongo, akaolewa mdogo, akaja Kisaka na Kiswahili cha kuokoteza. Siku ya ndoa yao mzee wa kanisa alimhubiria sana juu ya mwanamke amchaye Bwana. Mogesi akauliza mwenzake "kucha" ni nini, akaambiwa ni kuogopa. Basi akaogopa. Mogesi alimjua Bwana Yesu, alimtaja kila Jumapili katika salamu. Ila huyu Bwana asiyefuatwa na jina la Yesu alikuwa mwingine, wa nyumbani, mwenye koti la kaki na fimbo mlangoni. Werema akikohoa, yeye alisimama. Alipozaliwa binti wa tatu Werema akampiga, na Mogesi alipiga magoti akaomba Mungu amsaidie kumwogopa bwana wake vizuri zaidi. Miaka ishirini na minane! Hata kaburini alimwogopa bado.

Alhamisi mchana, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, aliyempangia kusoma Jumapili, alimtuma Rhobi aje kumsaidia Mogesi kujizoeza kusoma. Sijui mwenyekiti alikuwa anafikiria nini. Wote wawili walijua habari ya Jumatatu, na hakuna aliyeigusa. Walikaa kivulini kwa ghala la mahindi, Biblia katikati yao.

"Shikamoo mama," Rhobi alisema kwa mara ya pili, kwa woga tu.

"Marahaba. Nionyeshe pa kuanzia."

Mogesi alisoma kwa kujikwaa. Walipofika kwenye "amchaye Bwana" akaacha kusoma, akaona amfundishe mtoto kitu kabla hajaingia kwenye nyumba yake.

"Hapa shika sana, mwanangu. Mwanamke lazima amwogope bwana wake. Ukiona hata wameandika kwa herufi kubwa, ni kwa sababu mwanamume ni mkubwa."

Rhobi akainama juu ya ukurasa. Akasoma kimoyomoyo, midomo ikicheza.

"Lakini mama, mbona hapa wamesema 'Heri kila mtu amchaye Bwana'? Tata aliyenizaa naye ni mtu. Yeye amwogope bwana yupi?"

Mogesi akamwambia ameacha sufuria jikoni, akaenda akasimama mbele ya jiko lisilo na moto.

Ijumaa alimfuata mwinjilisti Nikodemo bustanini kwake, akamuuliza huyo Bwana ni nani. Nikodemo akacheka mpaka akaegemea jembe. "Ni Mungu, mama Gati! Wewe ulidhani nani?" Mogesi hakucheka. Alirudi kwa njia ndefu ya mtoni ili asikutane na mtu, akilia kwa hasira. Kichapo alikuwa amekizoea. Kilichomuuma ni kwamba alikipokea kama sadaka, na Mungu mwenyewe hakuwa ameiagiza. Na kama Mungu ndiye wa kumcha, basi aliyemuumba ndiye mwenye kusema kama anatosha. Alitaka wazo hilo limpe raha, lakini lilimtia hofu mpya, kwa maana sasa Jumatatu hakuwa tena na pa kujificha.

Jumapili alisoma, akapigiwa vigelegele. Machage naye alikuwepo, akiitikia amina.

Jumatatu jua halijapanda, Machage alifika na wanaume wawili na fimbo. Mogesi alikuwa ameshatangulia langoni pa zizi, mgongo wake kwenye ile miti ya kufungia.

"Sogea, shemeji."

"Ng'ombe hawatoki."

"Unasema?"

"Hawatoki. Yule mtoto simuoi."

"Mama Gati, wewe humwogopi bwana wako?"

"Namcha Bwana," alisema. "Ndiyo maana hawatoki."

Machage alirudi nyuma hatua nzima. Wale wawili wakatazamana. "Werema amekutokea?" akauliza polepole. "Ndotoni? Amekataza mwenyewe?"

Jamani, njia ilikuwa wazi! Angeitikia tu kwa kichwa, na hakuna Mkurya pale ambaye angebishana na marehemu. Mogesi alilitamani jibu hilo kama mtu mwenye kiu. Lakini akaona kwamba akiitikia, atakuwa amemrudishia Werema kiti kilekile.

"Si Werema, shemeji. Nimesema Mungu."

Uso wa Machage ukabadilika. "Kumbe ni mambo ya kanisani! Jumatano utakuja kuyasema hayo mbele ya wazee wa ukoo. Tuone." Wakaondoka, na Mogesi akakaa chini palepale kwenye samadi. Wazee wangeweza kumnyang'anya ng'ombe, hata shamba. Alijua hivyo.

Saa sita Rhobi akatokea kwenye njia, macho mekundu. Hakusalimia hata.

"Mama, nyumbani wamengoja ng'ombe mpaka wamechoka. Wananiuliza nimekosa nini." Akameza mate. "Au sifai?"

Mogesi alilijua swali lile. Alilala nalo miaka ishirini na minane.

"Unafaa," alisema. "Ng'ombe waende wasiende, unafaa. Kamwambie baba yako mimi ndiye niliyekataa, wewe hukukosa kitu." Akajipangusa samadi kwenye kanga. "Ila kwanza ingia ndani ulete Biblia. Nionyeshe tena pale pa kila mtu. Jumatano nataka niwasomee wazee bila kujikwaa."